Mgeni akitua Dar, alale Dar

Kila mahujaji wanapokaribia kurudi, na tena Desemba ndugu wa Muscat, Dubai na Ulaya wanapopewa likizo, napokea swali moja kutoka kwa wasomaji wa Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Maneno hubadilika lakini swali ni lile lile. Mama anatua Dar es Salaam saa tisa alasiri. Tumekodi Noah, tunateremka usiku wa kuamkia siku hiyo, tunampokea na kurudi naye moja kwa moja. Je, kuna dawa ya kumpa asichoke njiani?

Jibu langu ni kwamba dawa ipo, nayo ni usingizi. Mgeni akitua Dar, alale Dar. Safari ya kupanda mlima ianze kesho yake asubuhi.

Najua jibu hili halipendwi. Nyumbani mbuzi ameshafungwa, majirani wameanza kuuliza, na mwenye gari amesema siku ya pili inalipiwa. Mgeni mwenyewe ndiye wa kwanza kusema, “Wanangu, nipelekeni kwangu.” Ndiyo maana leo nataka tukae tuihesabu safari hii kama tunavyohesabu mahari au ada ya shule, kila mtu aone gharama iko wapi.

Saa zinavyokwenda

Tuanze na ndege kutua saa tisa alasiri. Ndege za kimataifa hutua Uwanja wa Julius Nyerere, kwa kawaida katika Jengo la Tatu, lile lililozinduliwa Agosti 2019. Liliundwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, ni kubwa na la kisasa, lakini ukubwa huo haufuti foleni. Abiria anapita kwa maofisa wa afya, anapita uhamiaji, anasubiri mizigo, anapita forodha. Ndege mbili kubwa zikifuatana, saa nzima imekwisha na bado hajakuona. Mahujaji huchukua muda zaidi, kwa sababu wanakuja wengi kwa pamoja, wengi wao ni wazee, na kila mmoja anatafuta begi linalofanana na la mwenzake.

Tuseme ametoka saa kumi na nusu. Salamu, machozi, picha, kupanga mizigo kwenye Noah. Mnaondoka saa kumi na moja jioni, saa ambayo jiji zima linarudi nyumbani. Mtakwenda Barabara ya Nyerere hadi TAZARA, mtapinda Barabara ya Mandela kupitia Buguruni na Tabata hadi Ubungo, halafu Barabara ya Morogoro: Kimara, Mbezi, Kibamba, Kibaha. Madaraja ya juu ya TAZARA na Ubungo yamepunguza adha, ila jioni bado ni jioni. Kufika Kibaha saa mbili usiku si ajabu.

Kutoka hapo bado mna Chalinze, Msata, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe na Mombo. Malori ni mengi, na mengine yameharibika bila taa pembeni mwa barabara. Mkifika Mombo saa saba usiku mmejitahidi. Na Mombo ndipo kazi inapoanza: kilomita kama 33 za kona hadi Lushoto mjini, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na ukungu ukishuka Soni taa za gari zinaangaza maziwa matupu.

Sasa mtazame anayeshika usukani. Dereva huyo aliondoka Lushoto jana saa nne usiku. Ameendesha usiku kucha, amesinzia kidogo ndani ya gari kwenye joto la Kipawa, ameendesha tena jioni nzima, na sasa, akiwa na usingizi wa siku mbili machoni, ndiye anayekata kona za Soni huku nyuma yake amelala mama aliyetoka Makka. Wengi husema “dereva wetu ni mzoefu”. Uzoefu haushindi usingizi. Mtu aliyekesha anaweza kusinzia kwa sekunde tatu au nne bila kujua, na gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 60 katika sekunde tatu. Kona za Mombo hazikupi hata mita 20.

Na msidhani basi litawaokoa na usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wapo wanaomtoa mgeni uwanjani wakamkimbiza stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, apate basi la usiku. Basi linaweza kuwa na dereva aliyepumzika, na hilo ni jambo jema. Lakini mgeni wako hajapumzika, na hapo ndipo naingia kwenye fani yangu.

Miguu iliyokaa muda mrefu

Damu ya miguuni hurudi kwenye moyo kwa msaada wa misuli. Unapotembea, misuli ya ndama za miguu inakamua mishipa na kuisukuma damu juu. Unapokaa kwenye kiti chembamba, magoti yamekunjwa, kwa muda wa saa nyingi, damu inatuama. Kwa watu wachache, damu iliyotuama huganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge hilo likikatika, linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu jambo hili. Lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya muda wa saa nne au zaidi ya kukaa bila kutembea. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, kwa hiyo asiogope mtu kupanda ndege. Lakini utafiti huo ulisema mambo mengine mawili ambayo sisi wa milimani tunapaswa kuyashika. La kwanza, tatizo si la ndege tu. Basi, gari dogo na treni ni vilevile, kwa sababu kinachodhuru ni kukaa. La pili, hatari haiishi mtu anaposhuka kwenye ndege. Hubaki juu kwa wiki kama nne, na huongezeka kwa anayesafiri safari ndefu kadhaa mfululizo.

Unganisha sasa. Mama amekaa kwenye ndege kutoka Ghuba muda wa saa tano au sita. Kabla ya hapo alikaa uwanjani akisubiri. Ukimpakia kwenye Noah, katikati ya watu wawili, na begi juu ya mapaja, unamwongezea saa nyingine nane au tisa. Aliyetoka Ulaya au Marekani ndiye usiseme.

Kuna jambo la kwetu pia linalozidisha hatari, nalo ni haya. Bibi anajua gari likisimama kwa ajili yake watu wazima wanane watashuka kumsubiri. Haoni vizuri kusema anataka kuchimba dawa mbele ya mkwewe. Anachofanya ni kuacha kunywa maji tangu kwenye ndege. Mtu asiyekunywa maji hachoki tu. Damu yake inakuwa nzito, presha yake inayumba, na mwenye sukari anaweza kuzidiwa kabla ya Chalinze. Ukimwona mzee wako amekataa chupa ya maji uwanjani, ujue si kwamba hana kiu.

Walio kwenye hatari kubwa zaidi ni hawa: waliofanyiwa upasuaji karibuni, wajawazito na waliojifungua wiki chache zilizopita, wagonjwa wa saratani, wanene sana, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na yeyote aliyewahi kuganda damu mguuni. Wenye umri mkubwa nao wamo. Kama mgeni wako ni mmoja wao, swali la kulala Dar lisijadiliwe kabisa.

Dalili ni rahisi kukumbuka. Mguu mmoja unavimba kuliko mwenzake, ndama inauma na ina joto. Miguu yote miwili ikivimba kidogo sawasawa baada ya ndege, mara nyingi ni uchovu wa kukaa na hupungua akilala miguu ikiwa juu ya mto. Mguu mmoja ndio wa kuogopa. Na mtu akipata ghafla kukosa pumzi, maumivu ya kifua yanayozidi akivuta hewa, au akikohoa damu, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Na hapa naomba kina shangazi wanisikilize. Mguu mmoja uliovimba baada ya safari usichuliwe. Usipakwe dawa ya misuli na kukandwa kwa nguvu, hata kama mkandaji ni hodari wa kijiji kizima. Kukanda kunaweza kulitoa donge lilipo na kulisukuma kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali, mwambieni daktari kwamba ametoka safarini, na mtaje muda aliokaa. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha kipimo atakachoandikiwa.

Kutoka uwanjani kuingia mjini

Basi tuseme familia imekubali. Mgeni analala Dar. Kazi sasa ni kumtoa uwanjani na kumfikisha kitandani bila kumchosha.

Kwanza, yanayofanyika kabla hajapanda ndege. Kama hawezi kutembea umbali mrefu, aombe kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege siku mbili kabla ya safari. Mashirika mengi hutoa huduma hiyo bila malipo, na anayesukumwa kwenye kiti kwa kawaida ana mhudumu wa kumsaidia hadi anapotoka nje. Dawa zake zote, pamoja na barua ya daktari, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mizigo huchelewa, na insulini haifai kwenye sehemu ya mizigo ya ndege kwa sababu inaweza kuganda kwa baridi. Namba mbili za simu za wapokezi ziandikwe kwenye karatasi, maana simu yake ikizima chaji, namba zote zimezima nayo.

Pili, karatasi za afya. Tanzania huwataka wasafiri wenye umri unaozidi mwaka mmoja wanaotoka nchi zenye homa ya manjano kuonyesha cheti cha chanjo, ile kadi ya njano. Sharti hilo humkuta pia aliyepitia uwanja wa nchi kama hizo na kukaa humo zaidi ya muda wa saa 12. Ethiopia na Kenya zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, na ndugu zetu wengi huunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi. Anayelala huko njiani akague kadi yake mapema. Chanjo huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Jambo dogo linalosumbua: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Zawadi za watoto zifungwe kwenye mfuko wa kitambaa au karatasi tangu huko.

Tatu, usafiri. Kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni kilomita kama 12 tu. Mchana bila foleni ni mwendo mfupi, jioni unaweza kuwa mrefu kuliko mnavyodhani. Kuna teksi za uwanjani, ambazo bei mnakubaliana kabla mlango haujafungwa, na kuna teksi za mtandao ambazo bei mnaiona kwenye simu. Kwa mgeni mzee, kuliko kumpitisha kwenye jua akitafuta gari lilipoegeshwa, mmoja wenu abaki naye penye kivuli na mwingine alete gari. Daladala za Barabara ya Nyerere ni rahisi kwa mfuko, lakini si za mtu mwenye mabegi mawili na miguu iliyovimba.

Anayepokewa asikubali kubebewa begi na mtu asiyemfahamu, hata akiitwa “mama mkubwa” kwa lafudhi ya nyumbani. Wapokezi wasimame mahali pamoja walipoahidiana, wasitawanyike. Mkanda wa kiti ufungwe, wa nyuma pia. Mtoto mdogo asipakatwe kiti cha mbele.

Wapi alale

Wasambaa tuko Dar es Salaam nzima, na haikosi familia kuwa na mpwa Tabata au baba mdogo Kimara. Kama mna ndugu, amueni kwa kuangalia safari ya kesho yake. Kama kesho anapanda basi, alale upande wa Ubungo, Kimara au Mbezi, karibu na stendi. Kama kesho ana daktari Muhimbili, alale Ilala, Kariakoo au Upanga. Kama ametua usiku wa manane, alale karibu na uwanja, maana kuvuka jiji saa nane usiku hakuna faida.

Kama hamna ndugu, gesti safi ya kawaida inatosha. Angalieni vitu vinne: chandarua kisichotoboka, choo ndani ya chumba, maji, na chumba cha chini kisicho na ngazi. Hivyo ndivyo vinavyomsaidia mzee kulala.

Na mwenye nyumba ya kumpokea naye nampa ombi. Usialike ukoo wote wa Dar kuja kumwona usiku huo. Ale chakula chepesi, anywe maji, aoge, atembee kidogo uani, alale. Hadithi za Arafa zitasikika vizuri zaidi akiwa amelala.

Mnaosema gari likilala linalipiwa, fanyeni hesabu upya. Noah ya watu wanane ina mafuta ya kwenda na kurudi, chakula cha watu wanane kwa siku mbili, na posho ya dereva. Mkiteremka wawili kwa basi la mchana, mkalala, mkampokea mgeni na kulala tena, mkapanda naye basi la asubuhi au mkakodi gari lenye dereva aliyelala, mara nyingi mtakuta mmebaki na chenji. Wale sita wengine wamsubiri nyumbani. Mgeni hahesabu waliokuja uwanjani. Anakumbuka aliyemshika mkono.

Hao wawili wachaguliwe kwa kazi. Mmoja awe na nguvu za kubeba. Mwingine awe anayejua dawa za mgeni na asiyeona haya kumuuliza, “Mama, umekojoa leo?” Mara nyingi huyo ni binti au mpwa wa kike, na mara nyingi ndiye anayeachwa nyumbani apike.

Aliyetoka kutibiwa nje

Siku hizi upasuaji mwingi wa moyo hufanyika hapa hapa kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Hata hivyo bado wapo wanaokwenda India. Kwa hao, usiku wa Dar una kazi ya pili. Asubuhi yake, kabla hamjaianza Barabara ya Morogoro, mpelekeni kwa daktari aliyemwandikia rufaa au kliniki atakayofuatiliwa. Aonekane kidonda, apimwe presha, karatasi za hospitali alikotoka zisomwe na mtu anayezielewa.

Aliyewekewa valvu ya moyo huenda anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo lazima ipimwe kwenye damu kila baada ya muda. Ulizeni hapo hapo Dar: kipimo hiki tutakipata Lushoto, Tanga au Moshi? Mtamwona nani, lini? Swali hilo mkiliulizia Mombo usiku, hakuna wa kulijibu.

Kuna wanaoogopa kwamba hewa ya mlimani itamdhuru aliyepasuliwa moyo. Lushoto mjini iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Ndani ya ndege, hewa huwekwa kama ya mahali penye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400. Maana yake aliyeruhusiwa na daktari kupanda ndege ameshakaa juu kuliko Lushoto kwa muda wa saa kadhaa. Mlima wenyewe si adui. Adui ni kona, usiku, na umbali wa hospitali. Ukiwa Dar, Amana na Muhimbili zi karibu. Ukishaondoka, una Tumbi pale Kibaha, una Magunga pale Korogwe, na kati yao kuna giza refu.

Baridi nayo isisahaulike. Mtu aliyetoka Muscat kwenye nyuzi 40, akafika Magamba mwezi Julai usiku, anatetemeka kabla hajasalimia. Wapokezi washuke na sweta, soksi na shuka la kujifunika la mgeni, wasimwache akajifunike kanga.

Akipata homa baada ya kufika

Aliyeishi miaka mingi mahali pasipo na malaria hupoteza kinga aliyokulia nayo, na watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo. Huwa tunajidanganya kwamba kwetu milimani mbu wa malaria ni wachache. Ni kweli ni wachache kuliko bondeni, lakini mgeni hakushuka kwa parachuti juu ya Magamba. Amelala Dar, amekula Korogwe, atakwenda Tanga harusini. Alale ndani ya chandarua kila usiku, Dar ikiwamo, na kabla ya safari amuulize daktari wa huko alikotoka kuhusu dawa za kinga.

Malaria huchukua angalau siku saba tangu mbu alipouma hadi homa kuanza. Mgeni akipata homa wiki ya pili, msiseme ni mabadiliko ya hewa. Apimwe siku hiyo hiyo. Kwa mtoto mdogo au mjamzito, msisubiri kuche.

Hujaji akiwa na kikohozi, mara nyingi ni mafua ya msongamano, na hupona. Lakini akiwa na homa na kikohozi na kubanwa pumzi ndani ya wiki mbili tangu atoke Saudi Arabia, aende hospitali, avae barakoa njiani, na aseme mlangoni ametoka wapi na kama alikaa na ngamia au kunywa maziwa yake mabichi. Akisema hivyo anawalinda wanaomhudumia na wajukuu wanaomsubiri.

Namba mbili za bure ziandikwe ukutani: 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri, na 115 ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga.

Nani aseme hapana

Kwa ninavyoona mimi, wengi wanajua kwamba usiku wa pili barabarani ni hatari. Kinachokosekana ni mtu wa kusema. Kijana anaogopa kuonekana mchoyo wa hela ya gesti. Dereva anaogopa kupoteza kazi. Mgeni anaogopa kuwa mzigo. Kila mmoja anasubiri mwenzake, na gari linaondoka.

Kwa hiyo jambo hili liamuliwe mapema, na mkubwa wa familia alitamke. Babu, baba mkubwa au shangazi apige simu wiki moja kabla, aseme, “Siku akitua atalala Dar. Mbuzi atachinjwa kesho yake, baada ya adhuhuri.” Akishasema mkubwa, hakuna atakayeitwa mchoyo. Na miaka michache ijayo Hija itaangukia Aprili, katikati ya masika, wakati barabara ya Mombo hadi Soni huangukiwa na mawe na udongo. Ni vizuri desturi hii iwe imezoeleka kabla ya hapo.

Basi la asubuhi litawafikisha Mombo mchana. Mgeni atakuwa ameamka. Ataona kabichi na karoti zikipakiwa kwenye Fuso, watoto wa Soni wakiuza peasi na matunda damu dirishani, na ataanza kutaja majina ya watu kabla hamjamkumbusha. Atafika nyumbani jua lipo, miguu yake ikiwa na nguvu ya kuteremka mwenyewe kwenye gari. Hiyo ndiyo picha ya kupiga.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.